Mkono wa Baridi Yabisi Nao Unataka Kazi

Mabibi na mabwana, ndugu zetu mnaoishi na baridi yabisi, na nyinyi mliokuja kuwasindikiza: karibuni.

Kabla ya maneno mengi, naomba wale ambao vifundo vyao vya mikono haviumi leo wanyooshe mkono mmoja mbele. Uacheni uning'inie kutoka kifundoni, vidole vikitazama sakafu. Sasa, bila kuinua kifundo, fumbeni ngumi kwa nguvu. Mnaona? Vidole vinaishia njiani, na hata ngumi ikifunga, mtu anaweza kukuchomoa kalamu bila taabu. Haya, inueni kifundo kidogo, mgongo wa mkono urudi nyuma, mfumbe tena. Ngumi imekaza. Vidole ni vilevile, misuli ni ileile. Kilichobadilika ni kifundo tu.

Tumeanza na kifundo makusudi. Lalamiko la kila siku ni "vidole vyangu havina nguvu", ilhali mara nyingi kilichodhoofika kwanza ni kifundo. Misuli mikubwa inayofumba vidole haimo vidoleni. Imo kati ya kiwiko na kifundo, na nguvu yake hufika vidoleni kwa kano ndefu zinazopita kifundoni kama kamba kwenye kapi. Kifundo kikining'inia, kamba za upande wa kiganja hulegea, na za upande wa mgongo wa mkono hukazika mpaka zikavizuia vidole visijikunje. Kifundo kikiinuka digrii 20 hadi 30 hivi, kamba zinapata urefu wa kufanyia kazi. Kwa hiyo mtu anayekamua mpira kutwa nzima huku kifundo chake kimelala anajichosha bure.

Neno baridi yabisi limebebeshwa mengi. Watu huliita hivyo kila umivu la kiungo: la uzee, la jongo, hata la kulalia mkono vibaya. Leo tunazungumzia ule ugonjwa ambao kinga ya mwili inaushambulia utando laini uliofunika kiungo kwa ndani. Utando unavimba, unanenepa, kiungo kinajaa maji, na usipotulizwa kwa dawa unakula gegedu na mfupa na kulegeza nyuzi zinazokifunga kiungo. Mkononi hupenda kifundo, viungo vya shina la vidole pale konzi zinapotokeza, na viungo vya katikati ya vidole. Viungo vya mwisho, karibu na kucha, kwa kawaida huvipita. Mara nyingi huja mikono yote miwili, na asubuhi mikono hukakamaa kwa nusu saa, saa nzima, wengine zaidi.

Mgonjwa wa namna hii aliambiwa kwa miaka mingi: pumzisha mkono, usiuchokoze. Kwa kiungo kilichovimba na kuwaka moto, ushauri huo una haki yake. Ubaya ni pale unapogeuka kuwa maisha. Mkono uliopumzishwa miezi mitatu hupoteza misuli, mfuko wa kiungo husinyaa, kano hunata kwenye ala zake, na mgonjwa hujikuta amepigwa mara mbili, na ugonjwa na mapumziko yenyewe. Rai yetu ni kwamba mkono wenye baridi yabisi iliyotulizwa unahitaji mzigo. Si kunyoosha vidole hewani tu. Mzigo wa kweli, wenye ukinzani, uliopimwa kama dawa inavyopimwa.

Ushahidi wa hilo umetoka Uingereza. Jaribio lililoitwa SARAH, lililochapishwa mwaka 2015 katika jarida la The Lancet, liliwagawa kwa bahati nasibu watu 490 wenye ugonjwa huu mikononi. Kundi moja lilipata huduma ya kawaida. La pili lilipata huduma hiyohiyo pamoja na mazoezi 7 ya kulainisha na 4 ya nguvu, yaliyofanywa nyumbani kila siku kwa wiki 12, huku wakikutana na mtaalamu mara chache za kuhesabika. Baada ya miezi 12, kwenye kipimo cha utendaji wa mkono cha alama 0 hadi 100, kundi la mazoezi lilipanda alama 7.9 na lile jingine 3.6. Tofauti si ya kupigia ngoma, lakini ni ya kweli, na ilipatikana kwa vifaa vya bei ndogo bila madhara makubwa yaliyotokana na mazoezi. Kuhusu maumivu, makundi mawili hayakutofautiana. Hili tunalisema waziwazi mwanzoni, kwa sababu anayeanza mazoezi akitarajia maumivu yaishe huacha wiki ya tatu. Tarajia mkono ufanye zaidi kwa maumivu yaleyale.

Watu wale wa jaribio, kama walitumia dawa za ugonjwa huo, zilikuwa hazijabadilishwa kwa miezi 3 au zaidi. Mwongozo wa mwaka 2018 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, unashika mstari huohuo. Mazoezi hayachukui nafasi ya methotreksati, dawa ya kuutuliza ugonjwa huu, wala dawa nyingine yoyote. Ukipakia mzigo juu ya kiungo kinachoungua, unachochea moto.

Sasa tuingie kazini. Kaa kwenye kiti, meza iwe usawa wa kiwiko, taulo iliyokunjwa chini ya mkono. Vua pete na saa. Usianze ukiwa ndiyo kwanza umeamka. Subiri ukakamavu wa asubuhi ulegee, au tumbukiza mikono kwenye maji ya uvuguvugu dakika 5 hadi 10. Yawe maji ambayo kiwiko chako kinayavumilia bila kushtuka. Mwenye ganzi mikononi ayapime mtu mwingine.

Kulainisha kunaanzia shina la vidole. Weka kiganja wima juu ya meza, upande wa kidole cha mwisho ukigusa taulo. Kunja vidole vinne kutoka kwenye konzi peke yake, vyenyewe vikibaki vimenyooka kama mfuniko wa sanduku. Shikilia sekunde 5, rudisha. Anza mara 5, panda hadi 10. Kosa la kawaida ni kukunja viungo vya katikati ili ionekane vidole vimeenda mbali. Hapo shina halijafanya kazi yoyote.

Zoezi linalofuata huwachanganya wengi, na ndilo ningechagua kama ningeruhusiwa moja tu la kulainisha. Ni mtelezo wa kano. Nyoosha vidole vyote juu. Kisha fanya ndoano: konzi zibaki zimenyooka, viungo vya katikati na vya ncha vijikunje, kama unavyoning'iniza mpini wa ndoo. Rudi kwenye kunyoosha. Kisha ngumi kamili, kila kiungo kimejikunja, ncha zikitafuta katikati ya kiganja. Nyoosha tena. Kisha ngumi bapa: konzi na viungo vya katikati vijikunje, ncha zibaki zimenyooka na kugusa mizizi ya kiganja. Kila kidole, ukiacha dole gumba, kina kano mbili za kukunja, moja juu ya nyingine, ndani ya ala moja nyembamba. Ukifumba ngumi ya kawaida tu, zote mbili husafiri karibu pamoja na zinaweza kubaki zimenatana. Ndoano ndiyo inayoifanya kano moja iteleze juu ya mwenzake. Fanya polepole, na usisaidie kwa kusukuma kidole kwa mkono wa pili.

Kisha kuna matembezi ya vidole. Laza kiganja juu ya meza. Inua kidole cha shahada, kisogeze kuelekea dole gumba, kiweke chini. Cha kati kikifuate, cha pete, halafu cha mwisho. Ukimaliza, nyanyua mkono mzima uurudishe mwanzo. Usivirudishe vidole kwa kuviburuta kuelekea kidole cha mwisho. Huko ndiko ugonjwa unakovivuta, na zoezi hili ni mpinzani wake. Tazama kifundo chako wakati unafanya: wengi huzungusha kifundo kizima na kuamini kwamba vidole vimetembea. Kama kifundo kinakutoroka, kishike kwa mkono wa pili.

Yaliyobaki ni mepesi kueleza. Tanua vidole kama unayehesabu tano, kisha uvikutanishe. Zungusha kifundo duara kamili, kulia na kushoto. Peleka kiganja kisogoni, kisha mgongoni. Watu huuliza bega linahusika vipi. Mkono hauwezi kuchana nywele wala kufunga nguo mgongoni kama bega na kiwiko havikuufikisha. Tahadhari moja: ugonjwa huu ukikaa miaka huweza kulegeza mifupa ya juu ya shingo. Mkono ufike kisogoni, lakini usivute wala kusukuma kichwa, na mwenye maumivu ya shingo yanayopanda kichwani au ganzi mikononi anapoinamisha kichwa aonwe na daktari kwanza.

Nguvu ina mazoezi manne. La kwanza, bila shaka, ni la kifundo. Laza mkono mezani, kiganja chini, kifundo kikitokeza nje ya ukingo. Kanyaga ncha moja ya ukanda wa mpira, nyingine uzungushe kiganjani ili vidole visilazimike kuifumbata. Inua kifundo kwa kuhesabu moja, mbili. Shusha kwa kuhesabu moja, mbili, tatu, nne. Ule ushukaji wa polepole ni nusu ya zoezi, nao ndio watu hutupa: wanainua vizuri halafu wanauachia mpira uwarudishe ghafla, na kiungo kinapigwa mtikisiko badala ya kupewa kazi.

La pili ni kufumbata, na chombo chake ni udongo laini wa mazoezi, ule unaouzwa kwa rangi tofauti kulingana na ugumu. Ukikosa, sifongo nene hutosha kuanzia. Usiufanye tufe. Usokote uwe kama mpini, ulale kiganjani kwa mshazari, kifundo kimeinuka kidogo, kisha ufumbate mpaka vidole vizame. Mpira mgumu wa duara hatuupendi. Haukubali kupungua, kwa hiyo vidole husimama nusu ya safari, na mgonjwa huongeza nguvu ambayo haina pa kwenda isipokuwa konzini, ikivisukuma vidole upande wa kidole cha mwisho. Fumbata huku unatazama. Ukiona vidole vinapinda kuelekea huko, udongo ni mgumu mno kwako leo.

La tatu ni kubana. Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Walijua kwamba dole gumba ndilo mwenzi wa kila kazi ndogo, kuanzia kifungo hadi ufunguo. Chukua kipande cha udongo ukubwa wa zabibu, ukibane kati ya dole gumba na kidole cha shahada, vidole vikifanya duara. Duara hilo ndilo kipimo. Likivunjika, yaani ncha ya dole gumba ikijipindua nyuma au kidole cha shahada kikibonyea katikati, zoezi limegeuka kuwa la kuharibu. Chukua udongo laini zaidi au punguza nguvu mpaka duara lirudi. Badili kidole: cha kati, cha pete, cha mwisho.

La nne, weka vipande vya udongo katikati ya vidole vilivyonyooka, uvibane kama mkasi unaofunga. Misuli midogo iliyomo baina ya mifupa ya kiganja ndiyo inayofanya kazi hapa, na ndiyo hunyauka mapema. Mtazame mgonjwa wa muda mrefu mgongo wa mkono, utaona mifereji kati ya mifupa.

Kiasi gani? Tumia mizani ya jitihada ya 0 hadi 10, ambapo 0 ni kukaa tu na 10 ni mwisho wa uwezo wako. Wiki mbili za kwanza, mazoezi ya nguvu yawe kwenye 3 au 4. Baada ya hapo panda 5 au 6. Kila zoezi mara 8 hadi 10. Ukifika mara 10 na jitihada imeshuka chini ya 5, ongeza ugumu wa udongo au fupisha ukanda, kisha rudi mara 8. Badili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Anayeongeza mizunguko, ugumu na kasi siku moja, mkono ukivimba kesho yake hajui amlaumu nani.

Na mkono utauma kidogo, tusidanganyane. Maumivu yanayoisha ndani ya saa mbili baada ya zoezi yanakubalika. Yakizidi hapo, au ukiamka kesho kiungo kimevimba kuliko jana, punguza mizunguko au ugumu, usiache. Ugonjwa ukiwaka upya, viungo vikiwa vya moto na vimejaa, simamisha mazoezi ya nguvu na ubaki na ya kulainisha, mara chache, kwa upole, mara moja au mbili kwa siku. Moto ukizimika, usirudi pale ulipoachia. Anza ngazi moja chini. Aliyechomwa sindano ya steroidi kwenye kiungo akipumzishe siku moja au mbili, na amuulize aliyemchoma lini arudie mzigo.

Mikono iliyokwisha kupinda ina masharti yake. Kidole kilichopinda kama shingo ya bata, yaani kiungo cha katikati kimebonyea nyuma na ncha imeinama, kisinyooshwe kwa kusukumwa juu ya meza. Kinahitaji kukunjwa katikati, na pengine pete maalumu ya kukizuia kisibonyee. Kidole ambacho kiungo chake cha katikati kimekwama kwenye kujikunja ni kinyume chake: kinyooshe katikati kadiri kinavyokubali, kishikilie hapo, kisha kunja ncha peke yake. Mazoezi hayatanyoosha mfupa wala nyuzi zilizokwisha kulegea. Yanalinda kile kilichobaki, na mara nyingi kilichobaki ni kingi kuliko mgonjwa anavyodhani.

Kuna dalili ambazo hazisubiri zamu ya kliniki. Kidole cha mwisho au cha pete kikiwa kilinyooka jana na leo kimelala hakiinuki, bila maumivu makubwa, huenda kano yake imekatika kwa kusagwa kifundoni. Usipoteze wiki ukifanya mazoezi ya kukiamsha. Daktari wa upasuaji akikiona mapema ana njia nyingi zaidi, na kano ya jirani inaweza kufuata. Dole gumba lisiloweza kukunja ncha yake ghafla ni habari hiyohiyo upande wa kiganja. Kiungo kimoja kilichowaka kuliko vyote, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani, na hilo ni la siku hiyohiyo. Ganzi ya usiku kwenye dole gumba, cha shahada na cha kati inaonyesha neva imebanwa kifundoni. Hiyo si ya dharura, lakini isiendelee kukandamizwa kwa kufumbata udongo.

Mwisho nizungumzie kupima, maana anayefanya bila kupima hukata tamaa hata anapoendelea vizuri. Fumba ngumi, chukua rula, pima umbali kati ya ncha ya kila kidole na mstari wa kiganja ulio karibu na vidole. Andika milimita. Kwa nguvu, kliniki ina chombo chake cha kukamua, lakini mashine ya zamani ya kupimia shinikizo la damu, ile yenye mshale au zebaki, inatosha: kunja kitambaa chake kiwe mviringo, kijaze upepo hadi 20, kamua mara tatu kwa kupumzika katikati, andika wastani. Pima saa ileile ya siku, kwa sababu mkono wa saa moja asubuhi na wa saa nane mchana ni mikono miwili tofauti. Rudia kila baada ya wiki 4.

Kisha chagua kazi mbili tatu unazozitaka wewe, si tunazozitaka sisi: kufunga kifungo cha shingoni, kugeuza ufunguo mgumu, kuandika ukurasa mmoja. Ziandike na uzipe alama kila mwezi. Wale wa kundi la mazoezi katika jaribio la SARAH waliweka malengo yao kwa maandishi, wakasaini makubaliano na mtaalamu wao, wakajaza daftari la mazoezi. Hata hivyo walipofuatiliwa baada ya miaka miwili hivi, tofauti kati yao na wenzao ilikuwa imefifia. Misuli haina akiba. Inalipwa kwa siku. Kwa hiyo wiki ya 12 ikifika, usifunge daftari. Yafunge mazoezi kwenye jambo ambalo hulikosi, kama vile baada ya kuoga, na ukibanwa na muda kata ya kulainisha kwanza, ubakize la kifundo na la kufumbata. Rula ikionyesha pengo limeongezeka kwa vipimo viwili mfululizo, rudi kwa mtaalamu wako ukiwa na daftari mkononi.